Sahihi ya simuni, talaka, na ile "Hongera!"

Nilikuwa ndani ya feri ya Likoni, masika yameanza, nimebanwa kati ya mkokoteni na mama wa samaki. Nikaona afadhali nimalize hapo hapo, kwa ile programu ya simu ya kutia sahihi hati: makubaliano ya talaka, nani abaki na watoto, nani na kiwanja. (Ndoa yetu ilikuwa ya bomani, si ya kwa kadhi.) Nikachora sahihi kwa kidole, mkono unatetemeka.

Tiki ya kijani. Puto zikapaa kioo kizima. "Hongera! Umekamilisha!"

Hongera ya nini? Kijana wa pembeni akachungulia: "Pongezi dada, umepata kazi?" Nikatamani kuitupa simu baharini.

Nikawaandikia wahudumu wao kwamba puto hazifai kwenye karatasi za talaka. Jibu: "Pole kwa usumbufu. Umejaribu kuzima simu na kuiwasha?" Nilijaribu kumzima mume miaka kumi na mmoja, sembuse simu!

Lakini haki itendeke. Baba watoto yuko Doha, na kwa karatasi za kawaida alinizungusha miaka miwili: mara bahasha haijafika, mara yuko zamu. Kwa simu alitia sahihi jioni moja, sikumsikia hata sauti. Wakili akasema sawa, sheria za Kenya zilirekebishwa 2020, mkataba wa namna hii unapita. Siku ile ningewapa nyota nne.

Nikapata kiburi. Hati ya kiapo nayo nikaitia sahihi humo humo, nikalipa tena kwa M-Pesa. Wakili alipoiona alicheka mpaka akavua miwani. Kiapo unaapa mbele ya kamishna wa viapo, akuone kwa macho, aandike mahali na tarehe, agonge muhuri. Sasa HATI YA KIAPO imeandikwa juu kwa herufi kubwa, na programu haikunionya hata neno. Ilirusha puto! Nyota moja, na hiyo ni sadaka.

Nikavuka tena, nikapanda ngazi. Dakika tano tu. Mzee wa muhuri hakunipongeza. Alinisogezea kiti, akasema, "Pole, mwanangu."

Nyota mbili basi, kwa ajili ya ile jioni ya Doha.

Juzi wamenitumia ujumbe: mwalike rafiki, upate punguzo kwa hati yako ijayo. Ijayo!