WhatsApp mkononi mwa meneja: inapofaa na inapomwangusha

Duka lenye wauzaji watano, karakana, nyumba ya wageni, mgahawa: ukiuliza ofisi ya meneja iko wapi, mara nyingi utaonyeshwa simu. Zamu zinapangwa kwenye grupu, soda zinaagizwa kwenye grupu, aliyechelewa anagombezwa hukohuko. Hapa WhatsApp inapimwa kwa kazi hiyo tu ya kuongoza watu, kwa mfano wa mgahawa wa watu 14 na zamu mbili nchini Tanzania. Kwa kupashana habari haina mpinzani. Kwa usimamizi tunaipa nyota 3 kati ya 5, na zile mbili zilizobaki ataziongeza meneja mwenyewe au hazitapatikana.

Tuanze na agizo, maana hapo ndipo biashara nyingi zinapovuja. Saa 4 asubuhi meneja anaandika: "Jamani, stoo iangaliwe leo." Dakika kumi hazijaisha, madole gumba saba yameshatua. Jioni unga umekwisha na mteja aliyeagiza chapati 60 yuko mlangoni. Hakuna aliyekaidi. Kila mmoja aliona dole la mwenzake akajua kazi imepata mtu. Agizo linaloshikika lina jina moja, kazi moja, kipimo na saa: "Dada Asha, hesabu mifuko ya unga ya kilo 25 iliyobaki stoo. Nitumie idadi na picha kabla ya saa 9 alasiri. Ikiwa chini ya 3, mwambie Juma aagize leo leo." Dole gumba lisikubaliwe kuwa jibu. Asha aandike kwa maneno: "Nimepokea, nahesabu saa 8."

Tiki za bluu zina msaada wake. Kwenye grupu, aliyezima tiki bado anaonekana amesoma. Shikilia ujumbe wako, fungua taarifa zake, utaona majina. Lakini kusoma si kukubali kazi, na meneja anayetumia orodha hiyo kuwatega watu atapata wafanyakazi wanaofungua ujumbe haraka na kutenda polepole.

Agizo lenye namba lisitumwe kwa sauti. Jikoni kuna kelele, mhudumu anasikia kilo 15 badala ya 50, na kesho yake hakuna anayeweza kuutafuta ujumbe huo kwa neno.

Mpangilio unaofanya kazi ni wa magrupu mawili. La kwanza ni la matangazo, admini pekee ndio wanaoandika: zamu, bei mpya, siku za mapumziko. La pili ni la kazi. Ratiba ya wiki ipiniwe juu kwa siku 7. Ukikosea, una dakika 15 za kuhariri. Zikipita, futa ratiba ile na utume mpya, kwa sababu ratiba mbili zikibaki, kila mtu atafuata inayompendelea. Hakikisha pia ujumbe wa kujifuta umezimwa, na ruhusa ya kubadili mipangilio iwe ya admini tu. Vinginevyo kumbukumbu za kazi zitayeyuka baada ya saa 24, siku 7 au siku 90 na hutakuwa na pa kurejea.

Makabidhiano ya zamu ndiyo matumizi bora kuliko yote. Dakika kumi kabla ya kutoka, anayeondoka anaandika mambo manne: fedha, kilichopungua, kilichoharibika, na ahadi aliyopewa mteja. Mfano: "Droo 184,500. Mtungi wa pili wa gesi umefunguliwa leo saa 7. Friji ya vinywaji haipoozi, fundi kaahidi kesho saa 3. Mama wa sherehe kalipa nusu, anachukua pilau sahani 30 saa 1 usiku." Anayeingia anahesabu droo kisha anajibu kiasi alichokikuta. Meneja naye ahesabu mwenyewe walau mara mbili kwa wiki, siku zisizozoeleka. Bila hivyo, baada ya mwezi mmoja ujumbe wa makabidhiano utakuwa wa kunakili ule wa jana.

Programu hii inamponza meneja zaidi kwenye kukosoa. Hasira ina kasi kuliko busara, na kitufe cha kutuma kiko karibu mno. Anayetukanwa mbele ya wenzake 13 hasikii kosa lake, anasikia aibu. Sifa ziende kwenye grupu, kosa lizungumzwe ana kwa ana siku hiyohiyo. Likijirudia, iandikwe barua ya onyo yenye tarehe, kosa na kinachotarajiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka sababu halali na utaratibu wa haki kabla ya kumwachisha mtu kazi, naye ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Makelele ya kwenye grupu si utaratibu, na picha ya skrini yenye matusi ya bosi inaweza kuwa ushahidi wa mfanyakazi.

Sheria hiyohiyo inaweka kikomo cha kawaida cha saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na saa za ziada zinalipwa si chini ya mara moja na nusu. Kumtaka aliye mapumzikoni apige hesabu saa 4 usiku ni kumpa kazi, hata kama imeombwa kwa "samahani" na emoji ya tabasamu. Kilicho cha dharura kipigiwe simu. Kingine kisubiri asubuhi.

Grupu liwe na admini wawili, mmoja kwa namba ya biashara. Admini pekee akijitoa, WhatsApp humteua mwingine yeyote aliyebaki. Anayeondolewa pia hubaki na ujumbe wote wa zamani kwenye simu yake, kwa hiyo nywila, bei za jumla na picha za vitambulisho vya wateja visipite humo kabisa. Taarifa za wateja zina sheria yake ya ulinzi tangu 2022.

Stoku yenyewe ikae kwenye daftari au jedwali la kompyuta. Kwenye gumzo namba zinazama.

Mwisho ni bando. Programu ni bure, intaneti si bure, na picha za stoo zinatumwa kwa simu za wafanyakazi. Meneja anayedai picha kila siku alipie bando au aweke simu moja ya kazi kaunta. Na kama mpishi mkuu ana kitochi, ratiba iandikwe kwa maka peni na kubandikwa karibu na jiko kila Jumamosi kabla ya saa 10 jioni, saa ileile ambayo wengine wanaipata kwenye simu.