Seti ya mirija ya gesi kwa somo la msawazo wa kikemikali: kifaa kizuri, mwongozo wenye kasoro

Seti hii ina mirija mitatu ya kioo iliyozibwa kabisa, yenye mchanganyiko wa naitrojeni dayoksaidi, ambayo ni ya kahawia, na dainaitrojeni tetroksaidi isiyo na rangi, pamoja na bomba la kioo lenye pistoni na kijitabu cha mwongozo. Mwalimu anayetaka wanafunzi watabiri wenyewe msawazo, yaani hali ambayo mmenyuko na kinyume chake huenda kwa kasi sawa, utaelemea wapi, badala ya kukariri tu kanuni aliyoitoa Mfaransa Henry Le Chatelier mwaka 1884, kwamba msawazo ukivurugwa huelemea upande unaopunguza badiliko hilo, atapata katika mirija hii onesho bora kabisa la athari ya jotoridi.

Mrija mmoja huwekwa katika maji ya moto, wa pili katika maji ya barafu, na wa tatu huachwa mezani kwa ajili ya kulinganisha. Ule wa moto hukolea kahawia, wa barafu hupauka hadi manjano hafifu, na ukiibadilisha mahali, rangi nazo hubadilika. Kuvunjika kwa tetroksaidi kuwa dayoksaidi hufyonza joto, takribani kilojuli 57 kwa moli, na ndiyo maana joto likiongezwa msawazo huelemea upande wa gesi ya kahawia.

Kasoro imo katika sehemu ya kanieneo. Kijitabu kinaagiza pistoni isukumwe huku bomba likitazamwa ubavuni, na kinasema rangi itapauka kwa kuwa molekuli mbili za dayoksaidi huungana kuwa moja ya tetroksaidi. Utabiri huo ni sahihi, ila kwa ubavuni gesi iliyobanwa huonekana imekolea zaidi, maana ukolezi wake umepanda, na mwanafunzi makini ataandika kinyume cha nadharia bila kosa lolote lake. Bomba litazamwe kwa kufuata urefu wake, baada ya kusubiri kidogo gesi ipoe, kwani ikibanwa ghafla hupata joto; hapo ufupi wa safu ya gesi hufidia ongezeko la ukolezi, na mpauko huonekana wazi.

Kuhusu kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko bila chenyewe kuisha, kijitabu hakina hata sentensi moja. Utengenezaji wa amonia ungestahili ukurasa, kwa kuwa humo jotoridi dogo huongeza mazao lakini huchelewesha mmenyuko, hivyo viwanda vingi huridhia nyuzi 450 hivi za Selsiasi na kanieneo la angahewa 200 hivi, huku kichocheo cha chuma kikiharakisha kazi bila kuhamisha msawazo.

Ninashauri shule zinunue, mwalimu arekebishe maelezo ya bomba kwa mkono wake, na mirija itumike penye hewa ya kutosha, kwa sababu gesi hii ni sumu kwa mapafu na kioo ni chembamba.