Bluetooth au Wi-Fi kwa redio ya sebuleni?

Amplifaya ya baba hapa Kondele, Kisumu, ni ya zamani, lakini nyuma ina yale matundu mawili, jekundu na jeupe. Yanatosha. Kipokezi kidogo cha Bluetooth au cha Wi-Fi kinachomekwa hapo na muziki unaingia bila waya kutoka kwenye simu.

Bluetooth haihitaji ruta wala intaneti kwa nyimbo ulizokwisha kuhifadhi. Shida ni kwamba simu ndiyo inayobeba kazi yote: ukipigiwa, wimbo unakatika; ukienda nayo jikoni, mita 10 na ukuta wa mawe katikati, sauti inaanza kukwamakwama.

Kwa Wi-Fi, mara nyingi simu hutoa amri tu, na kipokezi chenyewe huvuta wimbo kutoka mtandaoni. Ongea na shangazi nusu saa, muziki hausimami. Na sauti! CD hubeba kilobiti 1,411 kwa sekunde. Bluetooth ya kawaida huzibana hadi 328 hivi, Wi-Fi huzipitisha zote. Kwenye benga nasikia tofauti pale gitaa la solo na besi vinapokimbizana: kila uzi unasimama peke yake. Kwa spika ndogo za plastiki, hutasikia kitu.

Ila saa moja ya sauti isiyobanwa hula takriban megabaiti 635. Unayenunua bando la siku, chukua Bluetooth. Mwenye intaneti ya mwezi na spika nzuri, nunua cha Wi-Fi.