Lenzi ya kubana kwenye simu, Sh 15,000

Nimeinunua Kariakoo, muuzaji alianzia 25,000. Ni kioo kidogo tu chenye kibanio, unakibana juu ya kamera ya simu upige vitu vidogo kama wadudu kwa karibu. Nina matuta manne nyuma ya nyumba: sukuma wiki, bamia, nyanya.

Wiki ya kwanza tayari nilishachanganya dawa niue vidudu vyeusi vyenye madoa ya machungwa, vinatambaa kwenye sukuma wiki kama vimamba. Nikapiga picha kwanza, nikaiweka iNaturalist, app ya kutambua wadudu na mimea kwa picha. Kumbe ni watoto wa yule mdudu mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, na walikuwa wanakula vidukari wangu, vile vidudu vidogo vinavyofyonza mboga! Pampu nikairudisha stoo. Kwenye nyanya habari haikuwa nzuri: kantangaze, kiwavi anayeharibu nyanya, yumo ndani ya jani kabisa, anachimba.

Kasoro? Lazima usogee karibu mno, na jani likitikiswa na upepo picha yote ni ukungu. Panzi usijaribu, ataruka. Halafu hakibani juu ya kava, unalivua kila mara. Mimi hupiga saa 1 asubuhi, wadudu wakiwa bado wazito kwa baridi, mume wangu ananichungulia dirishani anacheka.