Wametoa themostati, wakanipa gari la kwenda Timboroa mwezi wa saba

Bado nina hasira, kwa hiyo naanza na jambo lenyewe. Gari la kuendesha mwenyewe nililokodi Nakuru kwa safari ya vivutio vya kando ya barabara, kupitia Mau Summit na Kisumu hadi Kakamega, halikuwa na themostati. Haikuharibikia njiani. Ilikuwa imetolewa na fundi kwa makusudi, na gari likaendelea kukodishwa.

Kwa mengine gari lilikuwa sawa. Breki zilishika, tairi zilikuwa na meno, spea ilikuwa na upepo na jeki ilikuwepo. Naweka nyota mbili kwa sasa.

Kwa asiyeijua, themostati ni kifaa kidogo cha chuma chenye nta ndani, kinachokaa pale mpira wa rejeta, yaani bomba linalotoka kwenye kipoza maji cha mbele ya gari, unapoungana na injini. Injini ikiwa baridi kinaziba njia, maji yanazunguka ndani ya injini peke yake hadi yapate moto. Kwenye magari mengi madogo ya Japani kinafunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Kikiondolewa, maji yanapita kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza. Ukizunguka Nakuru mjini hutagundua lolote. Panda Mau Summit saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa saba, uone: upepo wa baridi unapiga rejeta, injini inashindwa kupata moto, na hita, ambayo haina joto lingine ila la maji hayo hayo ya injini, inakupulizia baridi miguuni.

Na utamu wa njia hii uko kwenye kupanda na kushuka. Nakuru iko mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Karibu na Timboroa, reli ya kwenda Uganda inafika kilele cha mita 2,785. Kisumu iko kama mita 1,130. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 na nusu. Sasa fikiria ikweta: mstari unaikata barabara ya Eldoret kule upande wa Timboroa, na mstari ule ule unaikata barabara ya Busia pale Maseno. Mahali pa kwanza utataka koti zito na kofia ya sufu, mahali pa pili shati linatosha. Simama kwenye vibao vyote viwili ndani ya siku mbili, ndipo utaelewa kwa ngozi yako kwamba baridi ya Kenya inaletwa na mwinuko. Ndiyo maana nasema safari hii ifanywe Julai, na ndiyo maana hita ni lazima.

Dalili ya kwanza ilikuwa taa ya bluu kwenye dashibodi. Magari madogo mengi hayana mshale wa temperecha. Yana taa ya bluu inayowaka injini ikiwa baridi na nyekundu ikichemka. Ya bluu inatakiwa izimike baada ya dakika chache za mwendo. Hii ilizimika karibu na Ngata, ikarudi baada ya Salgaa, na kuanzia Sachang'wan kwenda juu haikuzimika tena. Taa ya bluu ikirudi gari likiwa mwendoni, themostati imekwama wazi au haipo. Tena injini inayodhani bado ni baridi huongezewa mafuta, kwa hiyo petroli nayo inakwenda.

Halafu kioo. Watu wanne wanapumua, makoti yana unyevu, na nje ni ukungu mtupu. Kioo cha mbele kikawa cheupe katikati ya malori yanayopanda kwa gia ya kwanza, kwenye barabara ambayo kila mkaazi wa Rift Valley anajua imeua watu wangapi. Utaratibu wa kusafisha kioo ni huu: zima swichi ya kuzungusha hewa ya ndani, ile yenye mchoro wa mshale unaojipinda ndani ya gari, ili hewa iingie kutoka nje. Elekeza upepo kwenye kioo, feni juu kabisa, hita juu kabisa, na uwashe kiyoyozi pamoja nayo kwa sababu kiyoyozi ndicho kinachokausha hewa. Vyote viwili kwa pamoja. Ukibaki na kiyoyozi bila joto, kioo kinazidi kuwa baridi na ukungu unaanza kuganda upande wa nje, na huko waipa ikiufuta unarudi.

Bila hita, kilichobaki ni kuteremsha vioo vya mbele vidole viwili kila upande, na kupaka tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwa kitambaa kikavu upande wa ndani wa kioo, ukipangusa hadi sabuni isionekane. Inasaidia kwa saa kadhaa. Taa ziwe za chini, maana zile za juu zinarudishwa na ukungu machoni pako. Na tafadhali, madereva wenzangu, acheni kuwasha taa zote nne za dharura mkiwa mnatembea. Anayewafuata hawezi kujua mnakata kulia au mmesimama.

Nikapiga simu ofisini kwa walionikodisha gari. Kijana aliyepokea alisema hivi: "Bosi, hiyo ni baridi tu ya Molo, gari haina shida. Vaa sweta." Nikamweleza kuhusu taa ya bluu. Akasema ya bluu haina neno, nisubiri nyekundu ndipo nipige. Akakata. Vaa sweta! Mtu yuko Sachang'wan haoni mbele, na jibu ni sweta. Hakuuliza tuko salama, hakuuliza kama gari limesimama, hakusema atampa fundi simu. Kama angesema tu "pole, tutaangalia", maoni haya yasingeandikwa.

Dawa ya muda ni katoni. Kata kipande cha boksi, kipitishe nyuma ya grili mbele ya rejeta, kifunike nusu tu, ukifunge kwa kamba kisije kikadondoka kwenye feni. Usifunike yote. Kwa gari hili taa ya bluu ilizimika baada ya kama dakika kumi za mwendo, hita ikatoa uvuguvugu, kioo kikafunguka kutoka chini kwenda juu. Kwa katoni hiyo tulifika kibao cha ikweta na kurudi Mau Summit kukata njia ya Londiani. Iondoe kabla ya Kericho, hewa ikianza kupata joto, la sivyo utachemsha injini kwa mkono wako mwenyewe.

Kericho yenyewe ni kivutio, hata bila kibao. Chai pande zote mbili za lami, kijani cha kuumiza macho. Pita asubuhi, mchana mvua huanguka karibu kila siku, mara nyingine mvua ya mawe.

Gereji ya jua kali pale ilitoa jibu. Injini iliachwa ipoe kwanza. Maji yakamwagwa kupitia koki ya chini ya rejeta, yakatoka rangi ya chai ya maziwa: kutu tupu, hakuna kulanti (ile dawa ya kupozea injini inayozuia kutu) hata tone. Nati mbili za kifuniko cha themostati zikafunguliwa, na ndani hapakuwa na kitu. Fundi aliweka mpya pamoja na raba yake, kile kipini kidogo cha kupitishia hewa kikiwa juu. Ukikiweka chini, hewa inabaki imefungiwa ndani na injini inachemka hata kama kila kitu ni kipya. Kisha kulanti nusu na maji safi nusu, kifuniko cha rejeta kikiwa wazi, hita imewekwa kwenye moto, injini ikinguruma hadi feni ijiwashe yenyewe, mapovu yaishe, ukijaza kila yanaposhuka. Kazi yote haikumaliza saa moja. Bei ya kifaa haikufika nusu tangi ya petroli. Hicho ndicho walichoninyima.

Fundi alitoa na sababu, na hapo ndipo nyota ya pili ilipoondoka. Themostati hutolewa kuficha rejeta iliyoziba. Mtu anajaza maji ya bomba miaka nenda miaka rudi, kutu inaziba mirija, gari linaanza kuchemka mjini. Badala ya kuosha rejeta, anaondoa themostati ili maji yapite muda wote, na kuchemka kunapungua. Mteja wa Nakuru mjini anaridhika. Anayekwenda Timboroa ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwa hiyo akatuonya: hita sasa mtapata, lakini joto la Kisumu litaonyesha ugonjwa wenyewe.

Ikawa hivyo. Kuteremka Awasi hadi Ahero hakukuwa na tatizo, injini haifanyi kazi kubwa kwenye mteremko. Kwenye msongamano wa Kondele taa nyekundu ikawaka. Ikikutokea, zima kiyoyozi, washa hita yote hata kama mnaungua, maana inanyonya joto kutoka kwenye injini, sogea pembeni, zima gari. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto. Maji yana presha na yatakubabua uso. Subiri mpaka uweze kushika mpira wa juu kwa kiganja bila kuungua. Siku iliyofuata rejeta iliondolewa, ikaoshwa kwa maji ya presha kinyumenyume, kutoka tundu la chini kwenda la juu, hadi yatoke meupe. Baada ya hapo gari lilitulia moja kwa moja.

Na likiwa limetulia, safari ilikuwa tamu kweli. Kit Mikayi, kwenye njia ya Bondo baada ya kukata Kisian, ni mawe yaliyopangana hadi kama mita 40, na jina lake kwa Kijaluo ni jiwe la mke wa kwanza. Wazee wanasimulia kuhusu Ngeso, aliyelipenda jiwe hilo hata akawa anashinda humo kila siku, mkewe akimpelekea chakula na kuwaambia waulizao kwamba mzee yuko kwa mikayi wake. Nenda asubuhi kabla ya mvua, viatu viwe vya raba yenye meno kwa sababu jiwe likilowa linateleza, na uingie na mwenyeji anayejua nyufa za kupitia. Utakuta watu wanasali ndani. Punguza sauti, na uulize kabla ya kupiga picha.

Maseno ni kituo cha dakika ishirini. Ukionyeshwa maji yanayozunguka kwenye bakuli eti kulia kaskazini na kushoto kusini, ujue kwenye bakuli nguvu ya dunia haifui dafu. Upande unaamuliwa na anayemimina.

Ilesi usiipite. Jiwe liko kando ya barabara ya Kisumu kwenda Kakamega, baada ya Khayega: nguzo ndefu, juu yake jiwe jingine kama kichwa kilichoinama, na maji yanatiririka kutoka shingoni na kuacha michirizi myeusi. Waisukha wanaliita Ikhongo Murwi, na husimuliwa kwamba ni msichana aliyekatazwa kuolewa na ampendaye. Karibu na hapo wanauza vyungu. Chukua vidogo, vijaze nguo ndani, uvifunge kimoja kimoja kwa magazeti na kuvipanga kwenye shimo la spea, si juu ya mizigo. Mteremko wa Riat utavipasua.

Kwa furaha ya Ilesi nilikuwa tayari kurudisha nyota moja. Kisha tukarudisha gari.

Walikata pesa kwenye amana. Sababu: tulifungua injini bila ruhusa. Nilitoa risiti za Kericho na Kisumu, nikaonyesha kulanti mpya, nikamwonyesha mpira wa rejeta. Meneja akasema bila kile kifaa cha zamani hawezi kurudisha kitu. Cha zamani kipi? Hakikuwepo! Wao ndio waliokitoa, na sasa wananidai. Nikamkumbusha ile simu ya Sachang'wan, akasema kijana wake alijibu sawasawa. Hakuna nyota. Hata breki nilizozisifu hapo juu, ndiyo, zilishika, lakini breki hazina kazi kwa dereva asiyeona.

Kwa anayekodi gari Nakuru kwenda juu msimu huu, kwa kampuni yoyote: fika injini ikiwa baridi. Fungua boneti, tia kidole ndani ya rejeta. Kikitoka na kutu, ondoka. Funga kifuniko, washa injini, shika mpira wa juu wa rejeta. Ukibaki baridi kwa dakika kadhaa halafu ghafla upate moto, themostati ipo. Ukianza kuwa vuguvugu polepole tangu mwanzo, haipo. Kisha weka hita juu usubiri taa ya bluu izimike, na usisaini chochote kabla haijapuliza moto.

Gari lile sasa lina themostati mpya na rejeta safi. Atakayelichukua baada yangu huenda akasema hita yake inachoma miguu, na atakuwa anasema kweli. Lakini ashike mpira kwanza.