Mkaa wa magunia, Buhongwa (Mwanza): mzuri jikoni, ila kagua kabla ya kulipa

Mkaa unaoshushwa Buhongwa kutoka upande wa Geita na Biharamulo ni wa miti ya miombo, na unastahili sifa: mzito, unakaa na moto, sufuria ya maharage inaiva bila kuongeza mara kwa mara. Gonganisha vipande viwili. Ukilia kama chuma, umeiva. Ukitoa mlio mfu na ndani una rangi ya kahawia, uache, utajaza nyumba moshi.

Kasoro ni ujazo. Lumbesa (gunia lililojazwa kupita mdomo wake) inapendeza juu, chini chenga tupu. Mwambie muuzaji amimine, asipotaka nunua kwa debe.

Bei nayo ina mambo yake. Ni nafuu kwa sababu mti wenyewe hauhesabiwi; unalipia jasho, gunia, lori na ushuru. Anayefyeka pori apande mahindi au pamba anahitaji pesa ya vibarua na mbegu kabla ya mavuno, na mkaa ndio unaompa. Tanuri la udongo linaweza kula kilo 6 hadi 10 za kuni kwa kilo 1 ya mkaa, lakini kwake hiyo si hasara: magogo yale angeyachoma tu kusafisha shamba. Ardhi ikichoka, mbolea ikiwa ghali kuliko kufyeka upya (na mara nyingi ndivyo), anahamia mbele. Barabara ikitengenezwa, lori linamfuata.

Nunua kiangazi. Masika malori hukwama, bei hupanda, na magunia huja yamelowa.