Mfumo wa ROWE: uhuru wa saa ni nusu tu ya mzigo

ROWE (Results-Only Work Environment, yaani mazingira ya kazi yanayojali matokeo tu) ni mfumo wa kuendesha ofisi unaompima mtu kwa matokeo, si kwa saa alizokaa kitini. Cali Ressler na Jody Thompson waliubuni wakiwa makao makuu ya Best Buy, kampuni ya maduka ya vifaa vya elektroniki huko Minnesota, Marekani, kisha wakaanza kuuza huduma ya kuuanzisha kwa kampuni nyingine. Masharti yake yanashtua: hakuna ratiba, kila mkutano ni wa hiari, na likizo haihesabiwi mradi kazi inakwenda.

Kampuni nyingi huishia hapo, kisha hulalamika kuwa mfumo haufai. Kinachomfanya mfanyakazi aanze kujitafutia njia si ruhusa ya kuingia saa tano, ni kujua bila shaka anatakiwa kufikisha nini. "Kushughulikia malalamiko ya wateja" ni shughuli, si tokeo, na aliyepewa lengo hilo atagonga mlango wa bosi kila asubuhi. Liandikwe hivi: kila lalamiko lijibiwe ndani ya saa 24, na mteja asirudi na tatizo lilelile ndani ya siku 30. Hilo sharti la pili ndilo lenye kazi. Litamlazimisha afuatilie chanzo, na akikuta ni fomu inayowachanganya watu, ataisahihisha bila kutumwa. Matokeo matatu hadi matano kwa kila mtu kwa robo mwaka yanatosha. Yakifika kumi, kila kitu kimekuwa cha haraka.

Alama za juu kabisa tunazipa vita yake dhidi ya vijembe vya saa. Ukiambiwa "Ndiyo kwanza unaingia?", hujitetei wala huombi radhi, unauliza tu: kuna kitu unahitaji kwangu? Ni jambo dogo, ila bila hilo watu hurudi kukaa ofisini hadi jioni ili waonekane.

Kuhusu mikutano, hiari inafanya kazi pale tu anayeitisha anapoandika uamuzi unaotafutwa. Mwaliko usio na uamuzi ukataliwe.

Kasoro zipo. Kazi ya zamu, kama mapokezi au wodini, haiwezi kuachiwa kila mtu ajipangie. Hapo uhuru uwe wa kubadilishana zamu wenyewe kwa wenyewe. Mgeni kazini naye huzama kimyakimya, kwa hiyo apewe matokeo ya wiki, si ya robo mwaka. Saa zisipohesabiwa, wengine hufanya kazi hadi usiku wa manane, na dawa yake ni kukubaliana mapema muda wa kujibu ujumbe. Marekani kuna kikwazo cha kisheria pia: chini ya sheria ya kazi ya 1938, wanaostahili malipo ya ziada lazima saa zao zirekodiwe, na zaidi ya 40 kwa wiki hulipwa mara moja na nusu. ROWE haiondoi hilo.

Best Buy yenyewe iliufuta mwaka 2013 chini ya mkurugenzi mkuu wake wa wakati huo, Hubert Joly, aliyeona kuwa si kila mfanyakazi wa kuachiwa achague njia yake. Hoja yake ina uzito kwa asiyeijua kazi bado. Kwa aliyebobea, tungemwachia.

Anayetaka kuujaribu aanze na idara moja kwa robo mwaka mmoja, na wiki mbili za mwanzo zitumike kuandika matokeo tu. Daftari la mahudhurio liondolewe baada ya hapo, si kabla.